Mshono Kwenye Goti la Mnyama

Baba alikuja kukaa kwangu mjini, mtaa wa Munyaka, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, baada ya kutolewa mtoto wa jicho upande wa kulia. Jicho la kushoto lilipangiwa kungoja mwaka mwingine. Kabla ya hapo hakuwahi kulala kwangu zaidi ya siku mbili mfululizo. Alikuwa mtu wa Chepsaita, mtu wa mahindi na ng'ombe, na kila alipokuja mjini alikaa kwenye ukingo wa kiti kama anayesubiri kuitwa aondoke.

Kwa miaka kadhaa alikuwa ametuficha hali ya macho yake. Watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Ng'ombe aliwahesabu kwa kuwapapasa mgongo mmoja mmoja walipopita langoni jioni, nasi tukadhani ni mapenzi tu. Tulijua ukweli siku mchungaji wa kanisa letu alipotutembelea. Baba alichukua birika kumkaribisha, akamimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani, na akaendelea kumimina huku akiuliza habari za safari.

Siku ya pili baada ya operesheni, nesi alibandua plasta. Alimwonyesha baba herufi ukutani, lakini baba hakuzitazama. Alinigeukia mimi.

"Kumbe umezeeka," akasema.

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Nililia kidogo, nesi akadhani ni furaha, na kwa kweli ilikuwa furaha.

Masharti aliyopewa yalikuwa mengi. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asikae karibu na moshi wala vumbi. Atiwe dawa ya matone mara nne kwa siku, na asirudi shambani mpaka wiki tatu ziishe. Baba aliyapokea kama kifungo. Kufikia siku ya nne alikuwa amekagua nyumba yangu yote kwa lile jicho jipya, na kila alichokiona alikitangaza.

"Hii ukuta yenu iko na rangi mbili."

"Ndiyo, Baba. Rangi iliisha, tukanunua nyingine."

"Na hapo nyuma ya kabati kuna buibui. Mkubwa. Ako na watoto."

Nikaona nimtafutie kitu kingine cha kutazama. Zamani, kabla ukungu haujamwingia machoni, alipenda sana filamu za wanyama. Alikuwa akiwapigia nyumbu kelele wavuke mto upesi, kama vile wangemsikia. Kwa hiyo nilichukua fleshi nikaenda mjini, kwenye kiduka kimoja wanapowajazia watu filamu. Nilimkuta dada mmoja akila mahindi choma huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Niwekee za wanyama," nikamwambia. "Wanyama wakubwa."

"Wakubwa sana?"

"Wakubwa kabisa. Ni za mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri.

Mchana ule mvua ilishuka mapema. Jirani yangu fundi wa nguo alikuwa ameingia kuleta koti la baba, ambalo alikuwa amelibadilisha zipu. Ni mama mwenye umri wa kunizidi kidogo. Wazazi wake walihamia huku kutoka kule kati, upande wa Mlima Kenya, kabla yeye hajazaliwa. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha ploti yetu, na siku za kawaida mlio wa cherehani yake ndio unaoniambia kumekucha. Mvua ilimzuia kurudi, nikampa chai, akakaa. Nami nikachomeka fleshi kwenye TV.

Filamu ilianza na bahari. Mashua ya wavuvi ilikuwa ikielea, maji yakaanza kuchemka chini yake, halafu mwanga mweupe, halafu mashua haipo.

"Hiyo ni kiboko," Baba akasema.

"Baharini, Mzee?" fundi akauliza.

"Basi nyangumi."

Hawakukaa sana kabla ya kupata jibu. Nyuma ya kilima, juu ya kijiji cha watu waliokuwa wakipiga kengele, kikainuka kichwa. Kichwa tu kilikuwa kikubwa kuliko kilima. Kilifungua mdomo, kikatoa sauti ambayo siwezi kuieleza vizuri, kama mlango wa chuma wa godauni unaoburutwa na watu kumi. Kikombe cha fundi kikagonga kisosi chake.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Ilikuwa filamu ya zamani ya Kijapani, ya jitu linalotoka baharini kuja kubomoa mji. Rangi zake zilikuwa zimechujuka, watu walizungumza Kijapani, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nikanyoosha mkono kuchukua rimoti.

"Pole, Baba. Huyu dada hakunielewa. Wacha nitafute—"

"Wacha," Baba akasema. Alikuwa amesogea mbele mpaka magoti yakagusa meza. "Wacha iendelee. Wewe tusomee tu hiyo maneno."

Basi nikawasomea. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusoma kwa sauti, ingawa sikuwahi kusomea wasikilizaji waliobishana namna ile. Kwa Baba swali la kwanza lilikuwa ni mnyama huyu anakula nini. Mwili ule wote, alisema, unahitaji malisho, na yeye hajaona akila hata mti. Fundi aliuliza mbona hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kuomba. Nilipowaambia kwamba mwanasayansi mmoja mwenye ndevu anasema mnyama ameamshwa na mabomu yaliyojaribiwa baharini, Baba aliegemea nyuma.

"Aha," akasema. "Kumbe alikuwa amelala kwake."

Mnyama alifika mjini, akaweka mguu katikati ya reli. Fundi aliweka kikombe chini.

"Hiyo imeshonwa," akasema.

"Nini imeshonwa?"

"Huyo mnyama. Ni nguo hiyo. Ndani kuna mtu. Mwalimu, rudisha nyuma kidogo. Hapo! Simamisha. Mzee, angalia nyuma ya goti."

Nilisimamisha. Mnyama alibaki na mguu mmoja hewani, moshi ukiwa umeganda pembeni yake. Baba aliondoa miwani myeusi aliyopewa hospitalini, ingawa alikuwa amekatazwa kuiondoa ovyo. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Alitazama kwa muda mrefu, mvua ikipiga mabati.

"Iko na laini," akasema polepole. "Inashuka hivi. Halafu inapinda."

"Ndiyo huo mshono."

"Nimeuona." Akanigeukia. "Nimeuona! Ni kama gambuti ikikunjwa. Hiyo ni mpira, si ngozi. Nimeiona kutoka hapa!"

Siku ile ya herufi ukutani hakufurahi hivyo. Aliinuka akaenda mpaka dirishani, akarudi kwenye kiti, akafunika jicho moja tena kuhakikisha. Fundi alicheka mpaka akajipangusa kwa leso. Mimi niliyekuwa nikitaka kuizima filamu nilijikuta namshukuru yule dada wa mahindi choma.

Kuanzia hapo walitazama kama mafundi wawili walioalikwa kukagua kazi ya fundi wa tatu. Kugundua kwamba mnyama ni mtu ndani ya mpira hakukuwapunguzia hamu, kuliwaongezea. Fundi alitafuta mahali yule mtu alipopumulia, akakuta vitundu vidogo shingoni, akasema hapo ndipo na yeye angeviweka. Alieleza jinsi mikunjo ya kiunoni ilivyoachwa minene makusudi ili mtu aweze kupinda. Alikisia uzito, akasema aliyebeba nguo ile chini ya taa kali alikuwa mtu wa kuombewa.

Baba yeye aliuangalia mji. Aliwahi kujenga ghala la mahindi kwa mikono yake, na alijua kazi iliyomo kwenye paa moja tu. Nyaya za stima zilipokatika zikirusha cheche, na kigae kimoja kimoja kikateleza kutoka kwenye paa la hekalu, alishika kichwa.

"Hiyo nyumba ni ndogo," akasema. "Inafika hapa kwa goti. Lakini iko na madirisha, na pazia ndani. Mtu alikaa chini akatengeneza kila dirisha, akijua itakanyagwa."

"Mara moja tu," fundi akasema. "Ukikosea, hakuna kurudia."

"Hao watu," Baba akasema, "walikuwa na heshima ya kazi."

Filamu iliisha kwa mnyama kurudi baharini, akiwa na jeraha ubavuni, akienda polepole kama ng'ombe mgonjwa anayeteremka mtoni. Watu walisimama ufukweni wakimtazama. Hawakushangilia. Baba alisema walifanya vizuri kumwacha. Fundi alisema walifanya vibaya sana, maana atarudi. Mvua ilikuwa imekatika kitambo, lakini hakuna aliyekuwa ameona.

Jumapili baada ya kanisa, Baba alitaka irudiwe. Mdogo wangu, anayetengeneza simu mjini, alikuwa amekuja kumwona. Fundi pia aliitwa. Baba mwenyewe alikwenda kumgongea mlango. Mdogo wangu alikaa na sahani ya chapati magotini, na mnyama alipotokeza kichwa nyuma ya kilima, aliguna.

"Baba, hii ni takataka. Hii ni mtu amevaa mpira!"

"Tunajua," Baba akajibu. "Nyamaza utazame."

"Siku hizi wanatumia kompyuta. Nikikuonyesha ya sasa utaona kila nywele. Hii hata mtoto hawezi kuogopa."

"Sisi hatuangalii ndiyo tuogope," fundi akamwambia.

Mdogo wangu aliendelea kutoa kasoro. Ndege za vita zilikuwa zimefungwa uzi, uzi unaonekana. Lori lililokanyagwa lilikuwa la kuchezea. Sikatai, alikuwa sahihi katika kila alichosema, na kila alichosema Baba alikuwa amekiona kabla yake na kukisifu. Uzi wenyewe Baba aliusifu: ndege tatu, akasema, na hazikugongana.

Halafu ikafika sehemu ya watu kukimbia mji. Barabara ilijaa. Walikuwa na mikokoteni, magodoro, wazee migongoni. Katikati yao mwanamke mmoja mwenye aproni alisimama, akageuka, akarudi mbio mpaka kwenye nyumba yake, mnyama akiwa tayari anaonekana mwisho wa barabara. Alitoka ameshika birika, bila kifuniko, akaingia tena kwenye msafara.

Mdogo wangu alicheka kwa sauti. "Sasa huyo! Nani atarudi kuchukua birika na mnyama kama huyo anakuja? Hapo wametudanganya kabisa."

"Hapo ndipo wamesema ukweli," fundi akasema.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameweka mikono mapajani, macho kwenye TV.

"Mimi nilichukua pazia," akasema. "Mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Tulisikia kelele upande wa barabara, mume wangu akasema tutoke, tutoke sasa. Cherehani ilikuwa hapo mezani. Cherehani ndiyo ilikuwa inatulisha. Mimi nikapanda juu ya kiti, nikafungua pazia ya sebuleni, nikaikunja vizuri, nikatoka nayo. Tulikaa kwa hema miezi mingi. Kila siku naiangalia hiyo pazia nashindwa kujieleza."

Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo, na tumekuwa majirani miaka mingi. Mwaka ule watu wa makabila yetu mawili waligeukiana, lake na letu, na tangu hapo kila mmoja wetu amejifunza kuupitia kando kwenye mazungumzo, kama unavyopita kando ya shimo barabarani bila kufikiri. Nilitaka kusema pole. Nilihisi neno lenyewe ni dogo, nikabaki nimeshika rimoti. Picha ilikuwa ikiendelea na hakuna aliyeitazama.

Baba ndiye aliyesema.

"Sisi tulikuwa Chepsaita," akasema. "Tuliona moshi. Huku, na kule, na kule. Tulisimama kwa boma tukaangalia." Aligusa fremu ya miwani yake. "Macho yangu wakati huo yalikuwa mazuri, Mama. Niliona vizuri kabisa. Na sikuenda mahali."

Mdogo wangu aliweka sahani chini.

Fundi alimtazama Baba, na kwa muda nilidhani atainuka aondoke. Angekuwa na haki. Badala yake aliuliza, "Ungeenda ungefanya nini, Mzee? Wewe peke yako?"

"Sijui. Lakini sikuenda."

"Haya," fundi akasema. Akajisogeza mbele kwenye kiti, akasema tena, "Haya. Mwalimu, rudisha pale pa huyo mama na birika. Sijamwona vizuri."

Nikarudisha. Tulimtazama wote wanne yule mwanamke wa Kijapani akisimama, akigeuka, akikimbia kurudi nyumbani. Mara hii niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona: kabla ya kutoka, alivuta mlango akaufunga, kisha akaujaribu kwa mkono kuhakikisha umefungwa. Mdogo wangu hakucheka tena. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mwigizaji huyo aliambiwa afanye hivyo au alikumbuka mwenyewe. Fundi akasema mtu hawezi kuambiwa. Waliotengeneza filamu ile, alisema, ni watu waliowahi kuona mji wao ukiungua, na ndiyo sababu nguo ya mnyama inaweza kuwa na mshono lakini watu wanaokimbia hawana.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Nimefundisha fasihi kwa karibu miaka ishirini, na nimewaambia wanafunzi mambo mengi kuhusu ukweli ndani ya hadithi, mengine nikiyasoma kwenye kitabu cha mwongozo. Alasiri ile nilielewa nilichokuwa nikikisema. Nilianza kuipenda filamu yenyewe, si kwa sababu ya Baba tu. Nilipenda jinsi mnyama alivyochoka. Baada ya kubomoa mnara, alisimama kidogo, mabega yakapanda na kushuka. Nikafikiri juu ya mtu aliyekuwa ndani yake, akitafuta pumzi kwenye vile vitundu vya shingo, na bado akikumbuka kutembea kama kitu kisichojua ubaya wake.

Baba alimaliza wiki zake tatu. Daktari alimpima, akaridhika, akamruhusu kurudi shambani ilimradi avae miwani kwenye vumbi. Siku ya kuondoka, fundi alimletea koti lile lile ambalo safari hii alilikazia vifungo vya mikono bila kuulizwa. Walisalimiana kwa mikono miwili. Baba alimwomba namba ya simu, akaiandika mwenyewe kwenye kijitabu chake, tarakimu kubwa kubwa, akizifurahia.

Mwezi wa Novemba nilikwenda Chepsaita kusaidia wakati wa kuvuna. Asubuhi nilimkuta Baba pale wanapokusanyia maziwa kando ya barabara, amezungukwa na wanaume sita au saba waliokalia mikebe yao. Alikuwa akiwasimulia filamu. Alikuwa amefika pale mnyama anapotema moto na mji kuungua, na alieleza kwa mikono jinsi jengo linavyoanguka, juu kwanza, halafu katikati. Urefu wa mnyama aliupima kwa maghala ya nafaka ya mjini: maghala matatu, moja juu ya jingine. Mwanamke wa birika alimweka mapema zaidi kuliko alivyo kwenye filamu, na akampa dakika nyingi.

Mzee mmoja, rafiki yake wa tangu ujana, hakuamini habari ya moto.

"Umesema ndani ni mtu," akasema. "Sasa huo moto unatoka kwa mdomo namna gani bila kumchoma?"

Baba alifikiri. Nilimwona akinitafuta kwa macho, nami nikainua mabega, sikujua. Akatoa simu mfukoni, akaishika mbali kidogo na uso, akabonyeza namba akiisoma kutoka kwenye kijitabu. Akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Mama," akasema simu ilipopokelewa, "niko hapa na wazee wa Chepsaita. Hawa watu wanabisha. Waambie huo moto ulikuwa unatoka wapi."

Nikasikia cherehani ikisimama.

"Wazee, hamjambo," fundi akasema.

Wanaume wale walitazamana. Wote waliijua lafudhi ile; wote walijua inatoka upande gani. Mmoja alijiweka sawa juu ya mkebe wake.

"Hatujambo, Mama," wakajibu, si kwa pamoja.

"Sasa sikilizeni. Kichwa cha huyo mnyama kiko juu ya kichwa cha mtu, si usawa mmoja. Hapo katikati kuna nafasi. Mimi nafikiri walipitisha paipu..."

Aliendelea kwa muda. Yule mzee mbishi aliuliza swali, akajibiwa, akauliza jingine. Lori la maziwa lilifika likapiga honi, dereva akashuka kuangalia kwa nini hakuna anayeinua mkebe, na Baba akamwashiria kwa mkono asubiri.